Bareti ya Tano

Jumatatu, 30 Septemba

Kompyuta imekata kazi kwa mara ya tatu. Leo imefika asilimia thelathini na nane. Wiki iliyopita ilifika arobaini na moja. Maana yake tunarudi nyuma. Naandika nikiwa na hasira, na sitangoja ipoe, kwa sababu tarehe ya kikao haitaningoja mimi.

Nieleze jambo lenyewe, nisije nikasoma daftari hili mwakani nikajiona mzee aliyekuwa akigombana na sanduku. Kijiji chetu kiko upande wa Kabambare, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki kutoka hapa Kasongo, barabara ikiwa kavu. Nyumba arobaini na tatu zinalima huko, pande mbili za kijito cha Kalongwe. Mwaka huu koperativi ya wachimbaji dhahabu kutoka Salamabila imeandika kwamba ardhi hiyo ni pori lisilo na mwenyewe. Pori, wanasema, na mimi nilizaliwa humo. Kamati ya mipaka itakaa Kabambare tarehe 27 Novemba. Mwenye ramani atasikilizwa. Mwenye maneno matupu atapewa kiti.

Wakati wa kiangazi, Fabrice, agronomu, mtaalamu wa kilimo, alirusha droni juu ya mashamba yetu, akatuachia picha zaidi ya elfu tatu, kisha akarudi Kindu. Kila picha inaonyesha kipande. Kompyuta hii kubwa, iliyo katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, ndiyo inayopaswa kuviunganisha vipande viwe ramani moja ambamo kila shamba litaonekana pamoja na miti ya mpaka iliyopandwa na baba zetu. Fundi wake ni Naomie, binti wa marehemu mwalimu mwenzangu, aliyesoma informatiki, mambo ya kompyuta. Anasema mashini hutandaza picha zote juu ya meza kabla ya kuziunganisha, na meza yetu ni ndogo. Picha zikijaa, kazi inaanguka. Meza hiyo ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Imefanywa kwa vibao vyembamba, virefu kidogo kuliko kidole, ambavyo mafundi huviita bareti. Tunazo nne ndogo. Tunahitaji nne kubwa.

Nilimwuliza kwa nini hakusema hivyo mara ya kwanza. Akajibu kwamba alisema mara ya kwanza. Sikulipenda jibu hilo.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nyumba zote zimetoa mpunga, hata Jeannette, mjane wa chini ya kilima, ambaye alikuwa amebakiwa na gunia moja la mbegu. Iliasi, mwenye duka la vyombo vya umeme sokoni, ameupokea mpunga na kumtuma mpwa wake Amisi aende Bukavu kununua bareti. Naomie amemwandikia Amisi karatasi yenye aina, ukubwa na idadi. Niliikagua kabla haijaondoka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua siku nne mfululizo. Hakuna habari za Amisi. Huko kijijini watu wanapanda mpunga katika ardhi ambayo huenda wasivune.

Jumatatu, 14 Oktoba

Magloire alikuja. Yeye ndiye msemaji wa koperativi. Nilimfundisha miaka sita, alikuwa akikaa mstari wa mbele, na leo amekaa kwenye kiti changu kabla sijamkaribisha. Alileta sukari na sabuni. Alinieleza kwa upole kwamba tukitia sahihi ya kuwaachia ardhi, vijana wetu watapata kazi ya kuchimba. Nilimwambia vijana wetu wanayo kazi, na kwamba kazi hiyo inaitwa kulima.

Hakukasirika. Aliinuka, akaniita kwa cheo changu cha zamani cha mkuu wa shule, akasema, "Prefe, ni weye ulitufundisha kwamba maneno bila karatasi iko upepo tu. Basi, leta karatasi."

Nilimrudishia sukari yake. Sabuni ilibaki, mke wangu Mathilde anasema hakuiona mpaka mgeni alipokwisha kuondoka. Simwamini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amisi amefika. Ameleta pakiti ya bareti nne, imefungwa kiwandani, na pamoja nayo kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani yake bareti ya tano. Muuzaji wa Bukavu aliiongeza iwe matabishi, kama mama wa sokoni anavyoongeza ndagala wachache juu ya fungu ulilokwisha kulinunua.

Naomie alituma neno kwamba niiache pakiti kama ilivyo, aje azitie leo hii. Nimekataa. Kilichonunuliwa na wengi hufunguliwa mbele ya wengi. Mabati ya shule, pampu ya kisima, vyote vilifunguliwa mbele ya waliochanga, na kila mmoja aligusa kwa mkono wake. Fundi atangoja siku tatu. Mashini haijafa.

Jumapili, 20 Oktoba

Kijijini, baada ya misa. Nilikata pakiti kwa wembe mbele ya nyumba zote, nikafungua na lile gazeti, nikaziweka bareti zote tano katika ungo, nao ungo ukazunguka. Wazee walizigeuza. Wanawake walizishika kwa ncha za vidole. Jeannette alikaa na moja kiganjani muda mrefu, akaniuliza, "Gunia yangu yote iko humu?" Nikamjibu ndiyo. Akaipima kwa mkono. "Iko mwepesi," akasema, na watu wakacheka.

Kisha mzee mmoja akauliza ya tano ni ya nani. Swali zuri. Kwetu matabishi ni ya yule aliyetembea. Nilichukua moja katika ungo, nikamwita Amisi, nikamkabidhi mbele ya wote. Wakapiga makofi. Nne zilizobaki niliziweka katika kijisanduku, nikakifunga kwa kamba mwenyewe. Kila kitu kimefanyika kwa utaratibu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimerudi Kasongo. Matope. Pikipiki imeanguka mara mbili. Bareti ziko salama. Goti langu, hapana.

Jumatano, 23 Oktoba

Naomie alikuja saa mbili asubuhi. Kabla ya kufungua mashini aliniuliza, "Baba Prefe, hizi zote ine zilitoka katika pakiti moja yenye kufungwa?"

Nilimjibu kwamba pakiti ilikuwa moja, ilifungwa kiwandani, na mimi ndiye niliyeikata kwa mkono wangu mbele ya mashahidi. Akaridhika. Akatoa zile ndogo, akatia kubwa, akabonyeza.

Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kisha mashini ikalia mara tano, kilio kifupi kikali, ikanyamaza, ikalia tena mara tano. Akazitoa, akazifuta, akazirudisha. Mara tano. Akabadilisha nafasi zake. Mara tano. Mpaka saa tisa alasiri nilikuwa naisikia sauti ile hata mashini ikiwa imezimwa.

Aliomba siku mbili ili azijaribu mbilimbili. Nilikataa. Mwanafunzi akishindwa mtihani hatumfanyishi tena mtihani akiwa ameshikana mikono na jirani yake. Kitu kibovu hurudishwa kwa aliyekiuza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nilikwenda dukani kwa Iliasi wakati soko limejaa. Sikuchagua saa hiyo, lakini sikuikwepa. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba amekula mpunga wa wajane na kutuletea takataka. Kisha nikaongeza kwamba nashangaa kama mkono wa Magloire haumo katika biashara hii.

Iliasi ana umri wangu. Hakupandisha sauti. Alitoa nyuma ya duka mashini ya aina moja na yetu, akaiweka juu ya meza mbele ya watu, akatia bareti ya kwanza peke yake. Mashini ikawaka vizuri. Akaitoa, akatia ya pili. Ikawaka. Ya tatu. Ya nne. Kila mara kioo kilipowaka watu walisema "eeh", na umati ukaongezeka.

"Mwalimu," akasema, "hii iko muzima. Hii nayo iko muzima. Zote ine ziko wazima. Mugonjwa tumutafute fasi ingine."

Walicheka sana. Mama mmoja wa mawese alipendekeza Prefe mwenyewe afunguliwe na kujaribiwa. Nilikusanya bareti zangu. Wakati natoka, Iliasi alisema kwa sauti ya chini, na hapo hakuwa akichekesha watu tena: "Baba yangu na baba yako walikuwa wanauziana chumvi pale Nyangwe, bila karatasi, bila shahidi. Na leo weye unaniita mwizi."

Kama bareti ni nzima, basi fundi ndiye asiyejua kazi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemfukuza Naomie. Nilimwambia kwamba bareti zimethibitishwa kuwa nzima mbele ya soko zima, na kwa hiyo kosa liko katika mikono inayozitia. Alisema, "Baba, nipe siku mbili tu." Nilimwambia amekuwa na miezi mitatu. Akakusanya bisibisi zake, akamuaga Mathilde, mimi akaniacha bila kuniaga.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimemleta fundi wa redio. Alipuliza vumbi. Alirudisha bareti ndogo na mashini ikawaka, akafurahi kana kwamba ameiumba. Alitia kubwa, mara tano. Alikula chakula cha mchana, akatangaza kwamba mashini imechoka, akaenda zake.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Paa la chumba cha nyuma linavuja.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Zimebaki siku ishirini na saba.

Jumatatu, 4 Novemba

Tangu nimfukuze Naomie, Mathilde amekuwa akinipa chakula bila neno. Leo, tukiwa tunakula sombe, kisamvu chetu, amelitoa.

"Baba Estelle, umefukuza fundi. Umetukana muuzaji. Sasa nimebakia miye. Ukimaliza na miye, Kabambare utaenda na nani?"

Nilimwambia haelewi mambo ya mashini. Alikubali kwamba haelewi. Kisha akanijulisha kwamba amekwisha kumtumia Naomie habari, na kwamba atakuja keshokutwa. Niliuliza kwa idhini ya nani. Akaniongezea sombe.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika kila kitu, na sitajipunguzia.

Naomie alifika, akamsalimia Mathilde kwanza, akaingia chumba cha nyuma. Nilikaa kwenye kiti mlangoni ili nimwone. Alitandika kitambaa, akazipanga bareti nne, akazipa namba kwa chaki kwenye meza. Kisha akafanya kile alichoniomba siku kumi na nne zilizopita.

Ya kwanza na ya pili: mashini ikawaka. Ya kwanza na ya tatu: ikawaka. Ya pili na ya tatu: ikawaka. Zote tatu pamoja: ikawaka, na kwenye kioo namba ya kumbukumbu ikasomeka bila shida. Akatia ya nne peke yake: ikawaka. Akaiweka ya nne pamoja na ya kwanza.

Mara tano.

Akazima. Akaitoa ile ya nne, akailaza karibu na ya kwanza, akaniita. Nilivaa miwani. "Tazama hapa katikati, Baba," akasema. Katika ya kwanza, katikati ya vile vidude vikubwa vyeusi, kulikuwa na kimoja kidogo, kimelala kwa namna yake. Katika ya pili kilikuwepo. Katika ya tatu kilikuwepo. Katika ya nne pale katikati palikuwa patupu.

Alinieleza, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza. Bareti ziko za aina mbili. Zenye kile kidude kidogo zina mlinzi wa mlango: mashini inasema naye, naye anapeleka maneno ndani. Zisizo nacho hazina mlinzi. Mashini inasema na kila bareti moja kwa moja. Mashini yetu inajua kusema na aina zote mbili, lakini si kwa wakati mmoja. Ikizikuta pamoja, haijui ianze vipi, basi inalia. "Kila moja iko muzima," akasema. "Baba Iliasi hakudanganya. Ni kukaa pamoja ndiyo haziwezi."

Kisha akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Baba Prefe, uliniambia zilitoka zote katika pakiti moja."

"Pakiti ilikuwa moja."

"Hii haikutoka humo."

Nilivua miwani.

"Kulikuwa na ingine?"

Ndipo nilipouona ungo ukizunguka kati ya nyumba arobaini na tatu, na mkono wangu mwenyewe ukiingia ndani yake na kutoa moja bila kuitazama, kwa kuwa kwangu zote zilikuwa sawa. Nilimweleza. Nilimwambia habari za gazeti, za muuzaji wa Bukavu, za makofi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Nimekaa hapa na hasira ambayo haina mahali pa kwenda. Sikusema uongo. Nimerudia kila neno nililomjibu tarehe 23, na hakuna hata moja lisilo la kweli. Aliuliza juu ya pakiti, nikamjibu juu ya pakiti. Matabishi sikuyataja, kwa sababu matabishi nilikuwa nimekwisha kuyagawa kwa haki. Na nilichogawa ni bareti yetu, iliyonunuliwa kwa mbegu za Jeannette. Nilichohifadhi kwa kamba na mafundo ni zawadi ya muuzaji. Miaka thelathini na minane niliwaadhibu watoto kwa majibu ya namna hii, yaliyo sahihi na yasiyofaa kitu.

Zimebaki siku ishirini na moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Amisi yuko Salamabila na bidhaa. Mathilde ndiye aliyekwenda kuuliza dukani kwa Iliasi. Mimi sikuthubutu. Naondoka kwa pikipiki.

Jumamosi, 9 Novemba

Salamabila. Nilimkuta Amisi panapouzwa petroli. Alinisalimia kwa furaha, maskini, akidhani nimekuja kwa biashara. Nilipoitaja bareti aliangalia chini. Alikuwa ameiuza kwa mtu anayeyeyusha vifaa vya umeme.

"Baba, ile meno yake iko na dhahabu juu," akasema. "Hapa kwetu mutu haone dhahabu akaiacha ikae tu."

Alinipeleka. Mtu huyo ana ndoo za plastiki nyuma ya kibanda chake, zina dawa kali inayokata pumzi. Ndani yake vilielea vipande vya simu na vya redio, na kati yake bareti yetu, ya kijani, meno yake yakiwa yameng'olewa rangi. Alikuwa mtu wa adabu. Alinionyesha alichopata kutoka katika vyote hivyo, kwenye ncha ya kisu. Chembe ya chumvi ni kubwa kuliko kile. Nilisimama pale, nikawaza kwamba koperativi inataka kuila ardhi yetu kwa ajili ya dhahabu, na kipande cha ramani yetu nimekileta mimi mwenyewe kiliwe kwa ajili ya dhahabu.

Amisi alitaka kunipa alicholipwa. Nilimwambia bareti ilikuwa yake kwa haki, kwamba nilimpa mbele ya watu na hana lawama yoyote. Ilinichoma kusema hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumanne, 12 Novemba

Nimerudi. Naomie alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake.

Bareti tatu zinatupa meza kubwa kuliko ya zamani, lakini haitoshi picha zote. Ya nne haiwezi kufika kutoka Bukavu kwa wakati. Kwa mvua hii ndege haina siku. Tukipunguza ukali wa picha, miti ya mpaka itageuka ukungu, na ramani bila miti ya mpaka ni picha ya majani. Tukigawa kazi sehemu mbili, kila sehemu itakula siku saba au nane, na tarehe 27 itatukuta hatujamaliza ya pili. Kama nisingemfukuza, tungekuwa tumemaliza zote mbili. Hilo hakulisema yeye. Nalisema mimi.

Njia iliyobaki ni kuacha nje karibu robo ya picha. "Tuache shamba za nani, Baba?" akauliza.

Nilimwuliza ni wapi penye picha nyingi kuliko pengine. Akatazama. Ng'ambo ya Kalongwe, akasema. Ng'ambo ya Kalongwe ni kwetu peke yetu: mashamba mawili ya muhogo na michikichi. Fabrice aliirusha droni yake hapo mara tatu, kwa sababu nilisimama karibu naye nikimwambia kwamba hajafanya vizuri.

"Toa hizo," nikasema.

"Zote?"

"Nimesema kwa Kiswahili."

Mathilde alikuwa mlangoni. Michikichi ile aliipanda yeye na mama yangu, mwaka tulipooana. Nilimngoja aseme neno. Akaenda kuchochea moto.

Jumatano, 13 Novemba

Tumeanza saa mbili asubuhi.

Alhamisi, 14 Novemba

Asilimia kumi na moja.

Ijumaa, 15 Novemba

Mawingu, vioo vya jua vya paani havileti umeme. Jenereta. Ishirini na tatu.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda misani. Nimekaa na jenereta. Thelathini na nane, pale ilipokuwa ikifia. Naomie naye alikuwepo, na sote wawili tuliiangalia namba ile. Saa nane mchana ikawa thelathini na tisa.

Jumatatu, 18 Novemba

Hamsini na mbili. Mvua ya mawe. Maji yanadondoka hatua moja kutoka mashini. Mathilde ametandaza turubai juu yake na kuweka sufuria chini, kisha akanikataza kupita karibu.

Jumatano, 20 Novemba

Themanini. Nimemgombeza Naomie kwa kuacha mlango wazi. Akaniambia nikae. Nikakaa.

Alhamisi, 21 Novemba

Imekwisha.

Ramani ni kubwa na wazi kuliko nilivyotegemea. Kila shamba lipo. Nimeiona nyumba ya Jeannette na nguo alizoanika siku ile. Miti ya mpaka inahesabika. Naomie amepata mashini ya kuichapa katika mji, vipande sita, na ameibandika kwa mkono thabiti. Upande wa ng'ambo, karatasi ni nyeupe: petroli ya jenereta imekwisha, na siku zilizobaki ni za kuchapa na za barabara.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda sokoni, saa ileile, watu walewale. Nilisimama mbele ya duka la Iliasi nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye samaki kwamba nilimwita mwizi na yeye si mwizi. Kwamba bareti zake zilikuwa nzima. Kwamba aliyezichanganya ni mimi.

Iliasi aliweka chini waya aliokuwa akiukunja. "Umeomba musamaha na sauti ileile ya matusi," akasema. "Basi, imelingana." Akanivutia kiti. Yule mama wa mawese aliuliza kama sasa nimefunguliwa na kukutwa na nini. Nimevumilia.

Jumatano, 27 Novemba

Kabambare. Naomie aliibeba ramani mgongoni ndani ya bomba la plastiki, saa tano za matope, na haikuingia hata tone.

Magloire alisema vizuri. Alikuwa na barua, mihuri, na neno "pori" mara nyingi. Kisha mwenyekiti wa kamati akatandaza ramani yetu juu ya meza mbili na kuwaita wenye mashamba mmoja mmoja. Kila mmoja alikuja, akaweka kidole juu ya shamba lake, akataja mti wa mpaka na jina la aliyeupanda. Jeannette aliweka kidole juu ya nguo zake. Watu arobaini na wawili. Ilichukua asubuhi nzima, na neno "pori" halikusikika tena.

Magloire si mjinga. Sikumlea awe mjinga. Alingoja mpaka mwisho, akaweka kidole chake juu ya weupe. "Na hapa, Prefe? Hapa karatasi yake iko wapi?"

"Hapa hakuna," nikasema.

Alinitazama akingoja nibishe. Nimebisha maisha yangu yote. Alikuwa na haki ya kungoja. Niliketi.

Kamati imeamua. Mashamba yaliyomo katika ramani yanabaki kwa wenyewe. Ng'ambo ya Kalongwe, koperativi imepewa ruhusa ya kuchimba. Nje, Magloire alinifuata akaniambia kwamba anasikitika. Nilimwambia aende.

Jumatatu, 2 Desemba

Kijijini wamefanya karamu. Mzee wa kijiji alisimama akasema kwamba Prefe ametoa shamba lake kwa ajili ya watu. Nilisimama nami, nikamkatiza. Niliwaeleza jambo zima tangu mwanzo: gazeti, ungo, mkono wangu, majibu yangu kwa Naomie, matusi yangu sokoni, siku kumi na mbili nilizopoteza kwa kumfukuza mtu aliyekuwa na haki. Niliwaambia sikutoa kitu; niliharibu, na aliyeharibu hulipa. Walisikiliza wote kwa heshima. Kisha wakaendelea kunishukuru. Sijapata kukasirika hivyo tangu niache shule.

Mathilde alikula vizuri. Wakati wa kurudi, juu ya barabara, aliuliza muhogo wa mwakani tutaupanda wapi.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumerudi kijijini asubuhi, baada ya kuitwa na Jeannette bila kuelezwa sababu. Chini ya kilima tumekuta watu thelathini na kitu wenye majembe. Kila nyumba ambayo shamba lake linafika pale imekata ukanda mwembamba kutoka ukingo wake, na ukanda juu ya ukanda umekuwa shamba moja, letu. Hawakutuuliza. Walikuwa wamekwisha kulima nusu, na walikuwa wanapanda muhogo.

Wanapanda vibaya. Vipande vya mti wamevisimamisha wima kama mishumaa badala ya kuvilaza, udongo hawakuushindilia, na mistari yao imepinda kuelekea barabarani. Niliwaambia. Niliwaambia kwa sauti, kutoka ukingoni, kwamba muhogo ule utaangushwa na mvua ya kwanza, na kwamba ni aibu kwa watu wazima.

Jeannette hakugeuka. "Basi ingia, Baba Prefe," akasema. "Utuonyeshe."

Mathilde alikuwa amekwisha kuingia. Nikavua viatu.